Kengele ya Mlango wa Nyuma

Siku ya mnada Karatu hakuna anayemsikiliza mwenzake, lakini sauti ya Selestina ilifika mpaka kwa wauza mbuzi.

"Huo mlango umeutoa wapi?"

Alivaa gauni la kitenge cha njano na viatu vyeupe ambavyo vumbi jekundu lilishavimaliza. Mbele yake, nyuma ya pikapu, mlikuwa na mlango wa mninga wenye msalaba wa kuchonga. Juu ya mlango huo alikaa Lesiamon wa Malambo, na kofia yake pana ya kuongozea watalii. Hawakuwa wameonana tangu Selestina aingie utawani.

"Sista Selestina," alisema bila kushuka. "Au siku hizi ni dada tu?"

"Nilishatoka. Nimekuuliza mlango."

"Wa kanisa la konventi. Masista wamehama, nyumba nimepanga mimi, nafungua loji. Pale altareni naweka baa."

"Unafanya makusudi!"

"Kabisa."

Angalau hakuwa mnafiki. Nyumba hiyo iko kilimani juu ya mji, na Mama Mkuu wa kwanza aliijenga kwa mfano wa monasteri za kale za Ulaya: ua katikati, matao ya mawe pande zote, ili masista waende kusali bila kunyeshewa. Selestina alipelekwa huko na baba yake, ambaye hakutaka kusikia habari za mkwe Mmaasai. Kabla ya kuingia alimwambia Lesiamon: njoo kabla sijaweka nadhiri, pita mlango wa nyuma, usigonge, vuta kengele tu, nitatoka tuondoke.

"Nilikungoja jikoni mpaka maharage yakaungua," alisema sasa. "Hukuja!"

"Nilikuja! Nilivuta kengele mpaka kiganja kikachubuka, mvua yote ikaniishia mgongoni. Ukanikalia kimya."

"Muongo mkubwa wewe!"

"Na wewe moyo wako jiwe!"

Watu wakacheka. Selestina akaondoka na hasira zake.

Wiki hiyo hiyo simu yake ikaita.

"Njoo konventi," alisema Lesiamon.

"Kanywe bia yako altareni, uniache."

"Nakuomba, Selestina. Njoo unitukane ukiwa hapa."

Alikwenda kweli kumtukana. Alimkuta kwenye mlango wa nyuma, nyundo mkononi, vipande vya lipu vimejaa miguuni. Ndani ya ukuta uliobanduliwa, waya wa kengele ulikuwa umegandia kwenye saruji.

Selestina aliutazama mpaka akakumbuka. Mwaka ule, kabla ya mvua, fundi alipiga lipu ukuta huu. Wageni wote walipita mbele, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

"Nilikuwa navuta ukuta," alisema Lesiamon.

"Kwa nini hukugonga?"

"Uliniambia nisigonge!"

"Mtu anayependa anagonga!"

"Na anayependa anafungua mlango achungulie!"

Wote wawili walisema kweli, na hilo liliwauma kuliko matusi ya mnadani. Lesiamon akachukua koleo, akaulegeza waya taratibu hadi ukacheza.

"Nenda jikoni."

"Unaniamrisha?"

"Ndiyo."

Akaenda. Lesiamon akavuta, na kengele ikalia kwa sauti ya kutu, ikazunguka chini ya matao yote. Akangoja. Mlango haukufunguliwa. Akavua kofia. Akavuta tena.

Mlango ukafunguliwa.

"Nimesikia mara ya kwanza," alisema Selestina, mashavu yamelowa machozi. "Nilitaka tu kujua kama utavuta tena."

"Ningevuta mpaka asubuhi."

"Baa unaweka wapi?"

"Utakaposema wewe, mpenzi."

"Popote, kanisani hapana. Na mlango wa kanisa umeuuza?"

"Bado uko kwenye pikapu."

"Urudishe mahali pake. Halafu uende kwa baba." Akamfutia vumbi la lipu kwenye nyusi. "Kule hakuna kengele, Lesiamon. Gonga."