Bakuli la Kaburini

Magharibi ile Nyevu alimfuata Gershom ili wafunge lango. Ndivyo serikali ilivyopatana na wazee wa Utange mwaka 1947, msitu ulipozungushiwa waya: askari wa serikali alinde miti, mtu wa wazee atunze magofu yaliyomo ndani, na asiingie mmoja bila mwenziwe. Askari alikuwa Gershom. Magofu aliyafagia Nyevu.

Lango alilikuta wazi.

"Gershom!"

Hata nyenje hawakulia.

Akashika njia hadi kwenye kaburi la mnara. Harufu ikamlaki... tamu, nzito, kama samaki aliyeozea ndani ya asali. Akaziba pua kwa leso. Kisha akasikia mtu anatafuna. Polepole, kwa raha zake.

Gershom alikuwa amechuchumaa, amempa mgongo. Pale mnarani lilipojengewa bakuli la kale, palibaki shimo tu. Bakuli lenyewe amelipakata.

"Umelibandua?" Nyevu alinong'ona. "Tulikubaliana nini, mwanangu?"

"Bwana mkubwa wa misitu alilitaka. Nimelikuta lina chakula." Akageuka, midomo inameremeta mafuta. "Karibu, mama. Bado cha moto."

Nyevu akachungulia.

Alidhani ni uji unaochemka.

Ni mabuu.

Katikati yao mlikuwa na msuko wa nywele za mvi, na ncha yake ilikwishazama kinywani mwa Gershom. Nyevu akaushika, akavuta. Ukaja... ukaja... laini, vuguvugu, unateleza, hauna mwisho. Na nyuma ya kaburi mwanamke akaguna, kama anayevutwa kichwa.

Nyevu akauachia. Halafu akamkamata Gershom ukosi, akamburura hadi langoni, naye akilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Kesho yake wazee walilirudisha bakuli mahali pake, huku bwana mkubwa akitazama. Mzee Kalama alieleza kidogo tu: mama mwenye kaburi alikufa siku za njaa, baada ya kuwazika wanawe wote. "Hamli mtu," alisema. "Humlisha."

Gershom akahamishiwa Changamwe. Watu wakashukuru, yakaisha.

Mpaka mkewe, Rispa, alipokuja kubisha kwa Nyevu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mumeo hajambo?"

Rispa akatazama nyuma, akashusha sauti.

"Tangu tuhamie kule hajagusa chakula changu. Hata maji." Akasogea karibu. "Na ananenepa."