Kwaya Iliyorudi na Udongo Magotini

"Hao hapo! Si nilikwambia, Mzee?!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu, ndugu zangu. Jumamosi mchana, mwaka 1975, kwenye msitu ulio juu ya chemchemi ya kijiji chetu, huku milimani Lushoto.

Mume wangu Nathanieli alikuwa amepiga magoti. Mbele yake Dorkasi, akimfuta udongo mikononi kwa khanga yake...

Khanga yake!

Nyuma yangu walisimama Mzee Abrahamu na mgambo wawili. Niliwaleta mimi.

Ngoja niwaeleze. Dorkasi alifundisha kwaya yetu ya Kilutheri. Hakuwa na mume, ila alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi nikiimba, hata kuku wanahama.

Kila Jumamosi kwaya ilikwenda mazoezini. Kila Jumamosi mume wangu alirudi na udongo magotini.

"Siku hizi mnaimba mmepiga magoti?"

"Tunasali pia, Mama Timotheo."

Mnasali! Wivu ulinila mchana na usiku.

Nikaenda kwa Mzee Abrahamu. Nilitaka kitu kimoja tu: yeye kama mzee wa kanisa, amtenge yule mwanamke. Sikufikiria kwamba ndiye pia mwenyekiti wa tawi la chama...

Na mwenyekiti alikuwa na lake. Msitu ule ulipangwa kufyekwa uwe shamba la kijiji. Watu wasiojulikana waling'oa vigingi vya kupimia shamba na kupanda miche ya mikulo, miti ya asili ya huku kwetu, ili chemchemi isikauke. Miaka ile, kikundi kisicho na kibali kiliitwa uchochezi. Mtu alipakiwa kwenye Landrova, na hakuna aliyethubutu kumuulizia.

"Kikundi chenu kina watu wangapi?" Mzee akamuuliza Nathanieli pale msituni.

Nikarudi nyuma hatua moja. Kitu laini kikalala chini ya unyayo wangu...

Mche! Umefunikwa majani. Pembeni yake mwingine. Na mwingine, kwa mstari, hadi bondeni!

Hapakuwa na mapenzi pale; kwaya ndiyo iliyokuwa ikipanda miti. Nilikuwa nimempeleka mume wangu gerezani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nathanieli akaanza: "Mzee, ni mimi nili..."

"Nyamaza, mpenzi," Dorkasi akamkata.

Mpenzi!!

Akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Shikamoo, Mzee. Kikundi gani? Mwanamke kujificha porini na mume wa mtu, hilo nalo linaombewa kibali?"

Mgambo mmoja akacheka. Mzee hakucheka. Akanigeukia.

"Mama Timotheo, mlalamikaji ni wewe. Ni uzinzi, au kuna jingine?"

Dorkasi alinitazama tu. Hakunisihi.

"Ni uzinzi, Mzee," nikasema. "Huyu ni hawara yake."

Wote wawili walitengwa. Nathanieli alitubu mbele ya usharika dhambi ambayo hakuitenda, akapokelewa. Dorkasi alikataa kutubu. Alirudi kwao Mgwashi na hakuimba tena.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza mume wangu.

"Uliniuliza mimi, au ulikwenda kwa Mzee?"

Hakulitaja tena mpaka namzika.

Na mjue, wivu haukuisha. Ulizidi! Mimi nilimpenda hadi nikamchongea. Yule alimwokoa kwa neno moja, akalipia kwa jina lake.

Wiki iliyopita Dorkasi alizikwa. Bila mchungaji, bila kwaya. Nilikaa nyuma kabisa, hakuna aliyenijua.

Mwanamke mmoja akaninong'oneza: "Huyu bibi, enzi zake, aliiba mume wa mtu."

Nikanyamaza...

Tena!

Wivu ukikutuma kwa wakubwa, pitia kwanza kwa mwenzako, umuulize ana kwa ana. Na ukishamchafua mtu, usingoje afe ndipo umsafishe.

Yule mama wa msibani, kama unasoma hapa: mke mwenyewe ndiye mimi. Dorkasi hakuniibia kitu.