Kigingi Katikati ya Banda

Bi Ndoo alikuwa na jina lake zuri tu, lakini nani alilikumbuka? Tangu utotoni hakuonekana bila ndoo ya maziwa mkononi, basi jina la utani likamganda. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kukamua ng'ombe wa kwanza alipojikwaa. Nusura amwage maziwa yote! Akatazama chini. Kigingi kipya kilikuwa kimechomekwa katikati ya banda, na kamba imefungwa juu yake.

"Baba! Nani kachomeka hiki?"

Baba alikuja akitabasamu. "Mimi, mwanangu! Nagawa shamba. Nusu yako, nusu ya kaka yako. Sitaki mgombane nikifa. Mpimaji wa ardhi anakuja saa nne kuweka alama za kudumu."

Bi Ndoo aliifuata kamba kwa macho. Upande wake kulikuwa na mlango wa banda na mahali pa kukamulia. Upande wa kaka kulikuwa na hori, kisima na majani yote. Miaka kumi na mitano amewalea ng'ombe hawa! Atawanywesha nini?

Kaka yake, dereva wa lori, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangua kicheko. "Kwa hiyo dada, watakula kwangu, watakamuliwa kwako. Na samadi ni ya nani?"

"Ya aliyewalisha!" Bi Ndoo akajibu, lakini machozi yalikuwa karibu.

Mpimaji alifika, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana. Aliifuata kamba hadi mwisho, akarudi bila hata kufungua begi lake.

"Mzee, nikipima hivi nitalipwa leo, lakini nitakuwa nimeliua shamba. Nusu hii haina maji. Nusu ile haina mfugaji."

Mama, aliyekuwa akiosha madebe ya maziwa, akainua kichwa. "Na mimi je, mzee wangu? Miaka arobaini tunalima wote. Umenipimia wapi? Nilale juu ya kigingi?"

Baba alijikuna kichwa. Aliona haya kwelikweli.

"Basi nifanyeje?" akamuuliza mpimaji. "Rafiki yangu kanishauri niandike kuwa nimewauzia watoto, nikwepe usumbufu."

"Thubutu! Ukiandika umeuza, utadaiwa kodi ya mauzo, na wewe hujaona hata senti. Tena ni uongo, na uongo kwenye hati ni kosa. Kumpa mwanao ni jambo jingine. Pengine kuna nafuu, ila sheria hutofautiana. Uliza ofisi ya kodi kabla ya kutia sahihi, siyo baada."

"Na kugawa?"

"Si lazima ukate ardhi. Gawa hisa. Shamba libaki moja, kila mtu awe na fungu lake la faida, na mama akiwemo. Andikeni nani anaendesha na analipwa nini. Anayetaka kutoka awauzie nduguze kwanza. Kisha andika wosia, mbele ya mashahidi wasiorithi kitu. Udongo uwahi ungali maji, mzee."

Dereva akapiga makofi. "Nakubali! Mimi na ng'ombe wapi na wapi? Dada aendeshe, mimi nipate fungu langu."

Bi Ndoo alimrukia akamkumbatia, ndoo mkononi!

Wiki hiyohiyo walikwenda wote wanne ofisi ya kodi. Karani akawapa fomu ya kuhamisha mali ndani ya familia na kuwatajia ada. Kisha akaifungua hati ya shamba waliyokuja nayo. Lo! Ilikuwa bado na jina la babu, aliyefariki zamani. Ikabidi waanzie hapo, miezi minne ya nenda rudi.

"Kumbe ningekufa leo ningewaachia fumbo," Baba akasema.

Hatimaye wakili aliandika kila kitu, wakatia sahihi, na kila mmoja akapewa nakala yake. Sasa Bi Ndoo hakuwa na hofu ya kuondolewa. Alijenga banda jipya la saruji palepale pa zamani, na ng'ombe sita wakawa kumi na mmoja. Dereva ndiye anayepeleka maziwa sokoni kwa lori lake.

Siku ya kumwaga zege la sakafu, Baba aliking'oa kile kigingi. "Nikipeleke wapi?"

Mama alikichukua, akakitia jikoni chini ya sufuria. Maziwa yakachemka, wakanywa wote, na mpimaji pia, aliyekuja kulitazama banda.

"Leo ndiyo kimefaa kitu," Mama akasema.