Jiwe Lililokwama

Kila siku nikitoka shule nilikuwa napitia karakana ya shangazi yangu. Shangazi ni sonara. Anatengeneza pete na hereni za fedha kwenye chumba kimoja chenye dirisha kubwa na meza yenye madoa meusi ya moto. Navua sweta, nanawa mikono, nakaa kwenye kigoda changu. Sisemi sana. Shangazi huwaambia wateja, "Huyu maneno yake ameyaweka benki." Wanacheka, nami nainamisha kichwa zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kupima mawe. Unakata kipande chembamba cha karatasi, unakizungusha kwenye kitako cha jiwe pale lilipo pana, unaweka alama kwa penseli. Halafu unaongeza kidogo, maana fedha ina unene na karatasi haina. Kwa kipimo hicho shangazi anakata ukanda wa fedha, anaukunja uwe duara, anauunga kwa moto juu ya kibati kidogo. Huo ndio ukingo wa kukalia jiwe. Likishakaa sawasawa, fedha inalazwa juu yake pande zote, lisitoke tena.

Na kuna sheria moja: ukitaka kujaribu jiwe kwenye ukingo, kwanza pitisha uzi chini yake. Likikwama unavuta ncha mbili za uzi, linatoka. Bila uzi, likikwama limekwama.

Mlango wa pili kulikuwa na fundi cherehani tuliyemwita Mama Vifungo, kwa sababu hata akiongea hakosi kifungo mdomoni. Siku moja alituletea pete ya mama yake, aliyefariki miezi miwili kabla. Pete yenyewe ilikuwa imelika mpaka ikakatika, lakini jiwe lake la kijani, dogo kama harage, lilikuwa zima.

"Mama alinifundisha kushona kwa kunishika mkono," alisema. Siku hiyo hakuwa na kifungo mdomoni. "Mkono wenyewe ndio huo uliokuwa na hii pete. Nataka nikiwa kwenye cherehani niwe naiona."

"Pete itakuwa mpya, jiwe lile lile," shangazi akamwambia. "Nipe mpaka Ijumaa, dada."

Alhamisi ukingo ulikuwa tayari. Shangazi akatoka kwenda kununua gesi. "Jiwe usiliguse mpaka nirudi," akaniambia.

Lakini nilitaka arudi akute limekaa. Nikaliweka, nikalisukuma kwa kidole gumba. Likaingia kwa shida. Nikafurahi kidogo, kisha nikakumbuka uzi. Nikakumbuka pia kwamba nilipopima sikuongeza ule unene wa fedha. Ukingo ulikuwa mdogo.

Nikapindua, nikagonga mezani. Wapi. Nikachukua kisu kidogo, nikachomeka ncha pembeni, nikabinua. Kikasikika kitu kama kucha inapokatika. Jiwe likatoka vipande viwili.

Shangazi aliporudi akasimama juu yangu. "Nini hiki?"

Mdomo wangu, ambao huwa hata salamu zinautoka kwa taabu, siku hiyo ulifunguka upesi. "Lilikuwa na ufa, shangazi. Lililetwa hivyohivyo. Nimeligusa tu likaachana."

Alivichukua vile vipande akavipeleka dirishani. "Mbona mimi sikuuona?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe. "Macho yangu yameanza kunitupa."

Nikachukua ufagio, nikafagia chini ya meza.

Ijumaa Mama Vifungo alikuja, futi ya kupimia bado iko shingoni. Shangazi akamweleza polepole. Nilidhani atagomba. Hakugomba. Alikaa.

"Basi ni mimi," akasema. "Siku tuliyomzika, nilipokuwa nakusanya vitu vyake, pete iliniponyoka ikaanguka sakafuni. Nikaiokota nikasema haikupata kitu. Kumbe nilimvunjia jiwe lake siku ile ile." Akafunika uso kwa viganja. "Mama, nisamehe," alikuwa anasema humo ndani. "Nisamehe, mama."

Nilijua nikinyamaza ataondoka na kosa langu. Atakaa nalo kwenye cherehani yake kila siku.

"Si wewe," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Shangazi akageuka. "Sema, mwanangu."

"Si wewe, mama. Jiwe lilikuwa zima. Nilipima vibaya, likakwama, nikalibandua kwa kisu. Nikadanganya."

Mama Vifungo akaondoa mikono usoni. "Yaani ulikuwa umekaa hapo," akasema taratibu, "unanisikia namwomba marehemu msamaha."

"Ndiyo."

Akainuka akatoka bila kuaga.

Nililia mpaka sweta ikalowa. Shangazi hakunipiga wala hakunibembeleza. Aliviweka vile vipande viwili mbele yangu, akaviunganisha. "Pima," akasema.

Nikapima mara tatu. Nikaongeza unene wa fedha. Shangazi akatengeneza ukingo mpya, akalaza fedha juu ya jiwe polepole, robo saa nzima, mpaka vipande vikashikana. Katikati ulibaki mstari mwembamba kama unywele.

Jumamosi tukampelekea Mama Vifungo pete yake. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Akaivaa pete, akanyoosha mkono juu ya kitambaa alichokuwa anakishona.

"Ufa unaonekana," nikasema. "Samahani, mama."

"Unaonekana," akasema. "Lakini angalau najua si mimi."

Akarudi kwenye cherehani yake.

Tulipofika nje nikamuuliza shangazi kama Mama Vifungo atanisamehe.

"Sijui. Hilo ni lake," akasema. Alisimama, akanishika bega. "Sikiliza. Mawe hata mimi nimevunja, matatu, na moja nalikumbuka mpaka leo. Ungeniambia Alhamisi, ungeona aibu ikaisha. Lakini ulipolikataa kosa, halikupotea. Likamwangukia mtu mwenye msiba, akaliona lake. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaanza kulilia kosa lako."