Bega la Karanga

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ting, ting. Kulikuwa bado giza. Mke wa mchukuzi alikuwa akikoroga chai ya mumewe, kama kila siku. Mumewe alikuwa uani, akimfunga farasi wao kwenye mkokoteni.

Farasi huyo jike walimwita Karanga kwa ajili ya rangi yake. Kwa miaka sita alikuwa amevuta matofali ya watu bila kinyongo. Lakini wiki hii alianza kuchechemea, na leo alikataa kabisa. Mkanda ulipomgusa bega la kulia, alilaza masikio nyuma, akataka kung'ata.

"Mvivu wewe!" mchukuzi alisema. "Jumamosi mnunuzi anakuja. Nenda ukamdekee yeye."

"Hauzwi," mke alijibu, akimpa chai. "Daktari wa mifugo alisema nini juzi? Mfupa ni mzima, homa hana. Misuli imekaza. Apumzishwe, akandwe."

"Si nilimkanda jana? Nilimsugua kwa nguvu zangu zote, mpaka jasho likanitoka!"

"Ndiyo maana leo anataka kukung'ata."

Mke hakubishana zaidi. Kulipopambazuka alikwenda nyumba ya tatu. Hapo aliishi mama mmoja mzee, aliyekanda farasi wa mashindano mpaka akastaafu. Watu walimwita Shangazi Viganja.

Shangazi alikuja naye, polepole. Hakumgusa Karanga upesi. Alisimama ubavuni, mahali ambapo farasi angemwona, akaanza kumsemesha.

"Mbona humshiki?" mchukuzi aliuliza. "Au mpaka mtambulishwe?"

"Naam, baba. Wewe ungependa mgeni akurukie bega?"

Mke alicheka. Mchukuzi alitazama pembeni.

Kisha Shangazi alipitisha kiganja shingoni, akifuata manyoya yalivyolala. "Kwanza natafuta joto, uvimbe au kidonda. Ukiona kimojawapo, usikande. Mwite daktari. Hapa sioni. Basi naanza taratibu, nazungusha kiganja hivi. Mtazame masikio. Akiyalaza nyuma, au akisogea, anasema 'unaniumiza'. Punguza."

Baada ya muda Karanga aliinamisha kichwa. Mdomo wa chini ulilegea. Akapiga mwayo mrefu.

"Anasema asante," Shangazi alisema.

Aliugeukia mkokoteni. "Baba, matofali unayapanga vipi?"

"Naanzia kulia. Ndiko lilipo rundo."

"Na mengi hubaki huko huko?"

"Hubaki."

"Na mkanda wa kulia, mbona umekazwa matundu mawili zaidi?"

"Mkokoteni ulikuwa unalalia kulia. Nikakaza, ukakaa sawa."

"Ukakaa sawa juu ya bega lake."

 Mchukuzi aliinama, akaulegeza mkanda mwenyewe.

"Lete mkono," mkewe alimwambia. Shangazi aliushika mkono ule mzito, akauweka begani kwa Karanga. "Usisugue kama sufuria. Mguse kama unamfuta mtoto machozi."

Siku zote zilizofuata Karanga hakufungwa. Asubuhi alikanda mke, jioni alikanda mume. Walimtembeza kidogo kidogo. Mara mbili mchukuzi alikata tamaa, na mara mbili mkewe alimrudisha uani.

Jumamosi mnunuzi alifika na kamba yake. Karanga alizunguka uani kwa hatua nyepesi, bila kuchechemea.

"Samahani, ndugu," mchukuzi alisema. "Hauzwi."

Wiki iliyofuata Karanga alirudi kazini kwa nusu ya mzigo. Matofali yalipangwa sawa kulia na kushoto. Hata mchukuzi alipouvuta mkanda wa kulia, Karanga alitulia tu.

Shangazi alimkagua bega, akatabasamu. "Sasa mnajua kazi. Hamnihitaji tena."

Alifika mlangoni, akasimama. Alitazama viganja vyake.

"Lakini mkipita kwangu na mzigo, wanangu, simameni kidogo. Mniletee Karanga nimsalimie."