Tiki Moja ya Kijivu

Jumamosi hiyo duka la simu karibu na stendi ya Thika lilijaa hadi mlangoni. Ndinda, katika gauni la manjano alilolipiga pasi alfajiri, alikuwa amebanwa kwenye kaunta.

"Hii itapata apdeti mpaka lini?" alimuuliza muuzaji, Mwas.

"Miaka sita, siz. Hata mtoi aingie darasani, bado inapata."

"Sawa. Ya zamani kampuni iliiacha, WhatsApp ikagoma."

"Iligoma lini?"

Sauti hiyo aliijua kabla hajageuka. Khisa. Shati jeupe, chaja mkononi, harufu ile ile ya sabuni ya kipande. Walipendana Ruiru, kwenye masomo ya jioni, kisha kimya kikawatenganisha.

"Nimekuuliza, Ndinda."

"Kesho yake, baada ya ile voice note." Akashusha sauti. "Ile ya kukuambia nina mtoto."

Mwas akajifanya anapangusa kioo.

"Nikangoja unipigie," Ndinda aliendelea. "Ukanyamaza. Nikasema huyu pia ameenda, kama baba ya mtoto."

"Nilijibu. Ikakaa tiki moja tu. Nikajua umeniblock."

"Si ungepiga?"

"Mtu amekublock, unampigia umwambie nini? Na wewe, vidole vilikatika?"

"Nilishasema langu. Nikupigie nimbembelezee mtoto wangu nafasi?"

Nyuma yao mama mmoja akanung'unika, "Madam, nunua ama usonge."

Ndinda hakusonga. Aliukumbatia mkoba wake. Kimya alikuwa amekizoea. Jibu la "pole, sitaweza" asingelizoea.

"Ulijibu nini?"

Khisa alipekua simu yake, akaigeuza. Chini ya ile voice note, tiki moja ya kijivu pembeni, palikuwa na maneno haya: *Anaitwa nani? Anavaa kiatu saizi gani? Nikija kwenu Ngoliba nisije mikono mitupu.*

Ndinda alisoma. Akasoma tena.

"Anaitwa Mueni," alisema hatimaye. "Alikuwa anavaa ishirini na mbili. Umechelewa, mguu umekua."

"Basi twende tumpime."

"Usinichezee, Khisa."

"Sichezi. Angalia tarehe ya hiyo message."

Aliiangalia. Ilikuwa kesho yake, siku ile ile simu yake ilipogoma. Mwas akakohoa. "Na simu, siz?"

"Nifungie hiyo ya miaka sita," Ndinda alisema, na bila kumtazama, akampa Khisa mkoba amshikie.