Sauti Iliyopunguzwa

Mtoto alikuwa akilia kama kawaida yake, mdomo wazi, ngumi zimekazwa, machozi yakimtiririka hadi masikioni, ila kilio chenyewe kilisikika kama kinatoka nyumba ya tatu.

Elieth aliacha nepi kwenye beseni akamkimbilia. Alimbeba, akamwekea sikio kifuani. Mapafu yalifanya kazi. Joto la mwili halikuwa kali. Sauti tu ndiyo ilikuwa ndogo, kana kwamba mtu ameishusha makusudi.

Na Elieth alikuwa mtu wa kujua sauti ikishushwa. Kabla ya likizo ya uzazi alikuwa fundi wa vipaza sauti katika ukumbi mmoja wa mikutano mjini Dodoma. Tena jana yake tu, hapohapo nyumbani kwake Makole, alikuwa ameshusha sauti nyingine. Mumewe, Geofrey, alimletea gemu ya mkononi, kuukuu, aliyoinunua kwa kijana wa bodaboda kule Bahi, kando ya bwawa, imwondolee uchovu wa kunyonyesha kutwa. Lakini spika yake ilikuwa balaa. Hata ukiiteremsha hadi mwisho, ilipiga kelele za kumwamsha mtoto wao, Paskazia. Elieth akatoa betri, akaifungua kwa bisibisi, akakata waya mmoja wa spika na kulehemu rezista ndogo ya kupunguza umeme katikati. Kelele zikawa mnong'ono.

Kitu kimoja alikipuuza. Waya ulipokatika, spika isiyo na betri iliguna.

Hospitali walimmulika Paskazia koo, wakasema ni zima. Kesho yake alilia bila sauti kabisa. Mdomo ulifunguka, kifua kikapanda na kushuka, lakini hapakusikika kitu ila upepo wa kiangazi ukisukuma vumbi dirishani. Elieth alisimama katikati ya chumba, mtoto kifuani, akanusa harufu ya tope bichi, tope la majaruba ya mpunga lililooza, wakati Makole nzima ilikuwa kavu kama mfupa. Kisha akasikia mwanawe akilia.

Kilio kilitoka kwenye droo ya kabati.

Miguu ilitaka kukimbia, akaikatalia. Alivuta droo. Gemu ilikuwa imezimwa, kioo cheusi, na ndani ya spika ile ndogo Paskazia alikuwa akilia kwa mbali, akikatisha, akivuta pumzi, akianza tena, huku Paskazia mwenyewe amemkodolea mama yake macho makavu.

Akamwita Fatmabai, bibi wa nyumba ya jirani, ambaye watu wa mtaa walimwendea kwa dua na ubani. Alikuja na chetezo chake. Alipofika mlangoni ubani ukazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemfanya nini mwenye chombo hiki?" alinong'ona bibi, bila kuvuka kizingiti.

"Nimempunguza sauti."

"Mwanangu! Mrudishie upesi. Umwombe radhi."

"Ameingia kwangu bila hodi, halafu nimwombe radhi mimi?"

"Usibishane naye, Elieth. Hawa wakubwa kuliko sisi."

Kilio ndani ya gemu kikakoma. Sauti nyingine ikaja, ya chini, yenye maji maji, ikitamka taratibu kama mtu anayeongea chini ya bwawa.

"Nipe yangu."

Fatmabai alishika mwimo wa mlango. Elieth aliinamia droo. "Nikikupa, ya mwanangu utairudisha lini?"

"Nikishiba."

Hapo hofu ikamgeuka Elieth ikawa hasira. Alimkabidhi bibi mtoto. Akachomeka chuma chake cha kulehemu kwenye umeme, akaketi mezani, akachukua bisibisi.

"Utamuua mtoto!" bibi alilia kwa sauti ya chini. "Mwite kwanza baba yake!"

"Akifika kutoka kazini Chamwino atamkuta mtoto bubu. Msomee dua, bibi. Nisomee na mimi. Lakini radhi haombwi mtu hapa."

Alipofungua kifuniko maji meusi yalimwagika mapajani, baridi, mengi kuliko chombo kile cha kiganjani kinavyoweza kubeba, na sauti ikaanza kumbembeleza kwa sauti ya marehemu mama yake, ikimwita kwa jina la utotoni, ikageuka ya Geofrey ikisema tafadhali mke wangu acha, ikageuka kilio cha Paskazia, sasa kikali, cha maumivu, cha mtoto anayebanwa, naye akaegemeza viwiko mezani ili aing'oe spika, akaing'oa, waya zikaning'inia, haikuwa imeunganishwa tena na kitu chochote duniani, na bado ikalia ndani ya kiganja chake ikirukaruka kama chura.

"Lia," Elieth alisema. Kisha akapaza sauti, sauti yake yote, ile iliyozoea kuita kutoka mwisho wa ukumbi bila kipaza sauti. "Lia sana! Hii ni nyumba yangu! Toka!"

Akaichoma katikati kwa ncha ya moto.

Moshi ulinuka nywele. Kitu kilipita usoni pake, kikasugua koo lake, pazia likavutwa nje ya dirisha, kisha harufu ya tope ikakatika.

Paskazia alivuta pumzi ndefu, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Fatmabai aliketi sakafuni akicheka na kulia. Elieth alifungua mdomo amwite mwanawe. Ulitoka mnong'ono tu.

Wiki zimepita, sauti yake haijarudi. Amerudi kazini, na wenzake humsogelea wamsikie. Juzi Fatmabai alimshauri tena, kwa upole: waende wote Bahi, wapeleke sadaka ukingoni mwa bwawa, amnyenyekee yule mwenye chombo, huenda akairudisha.

Paskazia alikuwa akipiga mayowe mapajani mwa mama yake, na bibi ikambidi ainame hadi sikio lake liguse midomo ya Elieth.

"Akae nayo, bibi," Elieth alinong'ona. "Haitamfaa. Haijazoea kuomba."